Penseli Kwenye Ukurasa wa Tisini

Austra, kitabu chako nimekimaliza saa kumi alfajiri,
soksi miguuni, jiko la vigae limeshapoa,
upepo wa Liepaja ukitikisa kioo
kama mdai asiyechoka.
Ulisema: kisome, ni cha upelelezi, hakina damu nyingi.
Kweli. Mfamasia mmoja tu, kafa kwa kikombe cha chai,
kisha kurasa mia tatu za watu wanaojibu maswali.

Nikuambie nilichokipenda?
Yule mpelelezi, Kelpe,
na koti lake lenye kifungo kimoja kisicho chake.
Hapimi nyayo. Hanusi vikombe.
Hukaa, akavua glavu kidole kimoja kimoja,
akauliza: siku ile ulikula nini?
Mpishi kasahau.
Daktari kasema samaki, kisha kasema la, mayai.
Mke wa fundi piano peke yake
alikumbuka yote: supu ya kabichi, mkate mweusi,
kijiko kilichopinda shingo,
nzi aliyetua kwenye siagi akaondoka.
Hapo Kelpe akavaa glavu zake.

Nami nilimjua kabla yake. Usinisifu.
Sikumjua kwa akili,
nilimjua kama mtu anavyoijua harufu ya kwao.
Msema kweli hugugumia, hurudi nyuma, hujikosoa.
Uongo ndio hupigwa pasi.

Kilichonikera ni mwisho.
Wote wamekusanywa sebuleni, moto unawaka,
mwanamke anasimama, anakiri kwa sentensi nzima nzima
zenye mikato na nukta,
kila jicho na chozi lake.
Nani hukiri hivyo?
Sisi tuliokulia ghorofa ya nne
hukiri tukimenya viazi, tumepeana mgongo,
ama hatukiri: tunazeeka,
tunampelekea mtu jamu ya plamu kila Agosti
mpaka kabati lake halifungi.

Sasa nieleze jambo.
Kitabu ulikinunua kipya, risiti bado imo.
Na pale ukurasa wa tisini,
chini ya maneno ya Kelpe,
*Asiye na hatia husahau*,
kuna mstari wa penseli. Mfupi. Umekolezwa mara mbili.
Wewe hupigi mistari vitabuni.
Ulinizaba kofi nikiwa na miaka tisa
kwa kuchora paka kwenye atlasi yako,
katikati ya Uhispania.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Yangu imefika miaka arobaini na moja
na bado ina lami.

Ilikuwa Juni. Bahasha ya Riga, chuo cha muziki,
jina lako limepigwa taipu, herufi ya mwisho imepanda juu kidogo.
Mama akauliza kutoka bafuni: posta imeleta nini?
Nikajibu bila kumeza mate:
gazeti, na bili ya umeme,
na tarishi ana bandeji kidole gumba, mkono wa kushoto.

Bandeji, Austra.
Nani aliniuliza habari za bandeji?
Mpaka leo naiona, na damu kidogo pembeni,
na haikuwepo.

Jiko hili hili. Halikuchukua hata dakika.
Wewe ukaenda kupima samaki kiwandani,
ukawa unapiga vidole mezani wakati wa kula,
mkono wa kulia tu,
na mimi nikawa nasema: acha, unamwaga chumvi.

Sikukuchukia. Andika hilo pembeni, kwa penseli ile ile.
Niliogopa kulala chumba kile peke yangu,
na kikohozi cha Mama upande wa pili wa ukuta.
Ni sababu ndogo. Kelpe angeitupa;
wasomaji hutaka urithi, hutaka wivu wa mapenzi.

Jumapili utakuja kukichukua.
Viazi nimenunua, kilo mbili, vina udongo.
Visu viko viwili, kimoja butu, hicho changu.
Ukitaka, geuka dirishani,
niulize siku ile nilikula nini.

Sijaandaa jibu.